Miguu ya Kapasita: Kisa cha Mkoromo Katikati ya Khutba

Amplifaya ile ya kukuzia sauti msikitini ililetwa kibandani kwangu Darajani, Unguja, mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote tatu niliirudisha nikisema ni nzima. Niliiwasha, nikachomeka maiki, nikahesabu moja mpaka kumi, nikaiacha inanguruma saa nzima kwenye spika ya majaribio. Haikulia kasoro hata moja. Ijumaa ikifika, Maalim akishapanda mimbari na khutba imeshika kasi, honi mbili za juu ya paa zinaanza: ti-ri-rik, ti-ri-rik, ti-ri-rik, halafu mkoromo mrefu kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mtaa mzima wa Mji Mkongwe unausikia.

Mara ya tatu kijana anayeadhini alipokuja kuichukua, alisimama kidogo mlangoni.

"Fundi, Maalim anakusalimu. Anasema safari hii usiletewe mzigo, uje wewe ukausikilize uliko."

Nilikwenda Alhamisi baada ya Alasiri. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona mafundi wengi, na mimi nikiwemo, tunaijua kapasita kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake tu. Tunaifahamu kama kikopo cha kuhifadhi chaji. Kwamba kapasita ni uga wa umeme, yaani nafasi iliyojaa msukumo wa chaji, uliofungwa mahali pamoja, na kwamba miguu yake miwili ni sehemu ya kapasita yenyewe, hilo nililisoma zamani na sikulishika mpaka msikiti ule uliponifundisha.

Msikiti wenyewe ni wa kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, upana wake unapita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Amplifaya inakaa ndani ya kabati la mbao kushoto mwa mihrabu. Waya wa maiki unatambaa chini ya mkeka, mita sita hivi, mpaka mimbarini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, fundi. Karibu. Leo utatutoa aibu, inshallah."

Nilimwomba afanye kila kitu kama anavyofanya Ijumaa, asiache hata kimoja. Akapanda, akatoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akailaza ukingoni mwa mimbari karibu na kishikio cha maiki. Macho yake yamechoka, na kwenye simu anaweza kuyakuza maandishi, kwa hiyo hoja za khutba sasa anazisomea humo. Alisoma dakika tano, sauti safi. Ya sita ikaanza: ti-ri-rik.

Sikuitazama amplifaya. Nilipanda ngazi mbili nikaitazama simu. Pale juu ya kioo, mahali nilipoona 4G wakati tunaingia, sasa palikuwa na herufi E, alama ya mtandao wa 2G.

Herufi hiyo ndiyo iliyoeleza kwa nini kibandani sikusikia kitu. Kibanda changu kina ukuta wa mabati na dirisha la barabarani. Simu zote pale zinashika 4G. Ndani ya msikiti, kuta zile nene zinayapunguza nguvu mawimbi, na simu inaporomoka hadi kwenye mtandao wa zamani wa 2G. Mtandao huo una tabia yake. Simu nane zinagawana masafa mamoja kwa zamu, na zamu ya kila simu inarudi baada ya milisekunde 4.6 hivi. Zamu ikifika, simu inarusha mawimbi kwa zaidi kidogo ya nusu milisekunde, kisha inanyamaza kusubiri tena. Ukihesabu, inawaka na kuzima mara 217 kwa sekunde. Na kwa kuwa mnara unaisikia kwa shida kutoka nyuma ya mawe yale, unaiamuru iongeze sauti: simu ya mkononi kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2 kila inaporusha. Mitandao ya 3G haikatikikatiki hivi, simu inarusha mfululizo, na ndiyo maana watu wengi hapa mjini wameanza kuusahau mlio ambao zamani kila redio iliutoa sekunde chache kabla ya simu kuita.

Masafa ya megahezi 900 hayasikiki kwa sikio la mtu yeyote. Mara 217 kwa sekunde inasikika vizuri sana. Lazima basi kuwe na kitu ndani ya amplifaya kinachoyapokea mawimbi yale, kinayanyoa, na kubakisha lile waka-zima peke yake. Kitu hicho ni transista ya kwanza ya maiki. Kiungo kati ya besi na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista, hupitisha umeme upande mmoja kwa wepesi kuliko upande wa pili, kama diodi, na diodi ndiyo iliyokuwa sikio la redio nyingi za mwanzo. Amplifaya ilikuwa imegeuka redio bila mtu kuikusudia.

Kabla ya kufungua chochote nilifanya majaribio mawili, na kwa yeyote atakayekutana na tatizo kama hili nayapendekeza kuliko kifaa chochote cha bei. Niliilazimisha simu yangu ibaki kwenye 2G tu, nikapiga namba nikaacha iite. Kwanza nilizungusha kitufe cha sauti ya maiki hadi sifuri: mkoromo ukakatika. Kwa hiyo ulikuwa unaingia kabla ya kitufe, si kwenye waya za honi wala kwenye umeme wa ukutani. Pili, niliung'oa waya wa maiki, nikachomeka jeki tupu ambayo ndani yake nilikuwa nimelehemu rezista ya omu 600 ili amplifaya idhani maiki ipo. Simu ikiwa umbali wa mita moja, kimya. Nikirudisha waya, mkoromo. Waya ndio antena.

Nilipofungua kasha niliona kapasita mbili kubwa za kopo zinang'aa, mpya, zilizobadilishwa na fundi aliyeishika kabla yangu. Simlaumu, kwa sababu mtu akiambiwa "inakoroma" akili huenda kwenye umeme wa ukutani, mains, na kapasita hizo kazi yake ni kulainisha mawimbi ya mara 100 kwa sekunde yanayobaki baada ya diodi za pawa. Mvumo wa umeme ni mzito, "mmmm" isiyokatika. Huu wetu ulikuwa mwembamba na una mapigo. Masikio yangetosha kuutenga.

Jeki yenyewe ilikuwa na kasoro ya pili. Waya wa maiki una uzi wa katikati na wavu wa shaba unaouzunguka, ile shilidi. Aliyeulehemu aliufumua wavu, akausokota ukawa mkia wa sentimita tatu, akaushika kwenye mguu wa ethi (ardhi) wa jeki. Tumezoea kufanya hivyo sote, na kwa sauti ya mtu haidhuru kitu.

Sasa kosa langu. Kila fundi wa hapa atakwambia ukitaka kuzima kelele za redio kwenye maiki, weka kapasita ya 104 kutoka ncha ya jeki kwenda ethi. Ninazo mia kadhaa, zile za kauri za rangi ya udongo. 104 ni nanofaradi 100. Hesabu ya kitabuni inavutia: kwa megahezi 900, kapasita ya nanofaradi 100 inauzuia mkondo kwa omu 0.002 tu, yaani ni kama kuweka kipande cha shaba. Mawimbi yote yangekimbilia ethi. Niliiweka, miguu yake nikaikunja vizuri kwa koleo, sentimita moja na nusu kila mmoja, nikaufunga mfuniko, nikamwita Maalim.

Mkoromo ulikuwepo vilevile. Na kijana alipoadhini Magharibi, Maalim alinishika bega kabla hata hatujatoka nje.

"Fundi, swadi imekufa."

Alikuwa na haki. Sini, shini na swadi, herufi zinazobebwa na mvuvumo wa juu, zilikuwa zimefifia na kukaribiana kama mtu anayesoma akiwa amejifunika shuka usoni. Msikitini hilo ni jambo zito kuliko mkoromo. Kapasita ya nanofaradi 100, kwa masafa ya kilohezi 10, inazuia kwa omu 160 tu, na maiki yenyewe ina ukinzani wa ndani wa omu 600 hivi. Kwa hiyo juu ya kilohezi mbili na nusu sauti ilianza kumwagika ethini. Nilikuwa nimeziba pua ya sauti ya binadamu, na simu nikaiacha ipite.

Nilirudi nyumbani na swali moja lililoniuma: omu 0.002 zilikwenda wapi?

Kapasita ni mabamba mawili ya metali na kihami katikati. Waanzilishi wa elimu hii, Ewald Georg von Kleist mwaka 1745 na Pieter van Musschenbroek wa Leiden mwaka uliofuata, walikuwa na chupa ya kioo tu: mkono wa mtu nje, maji ndani, na kioo katikati. Ukiweka chaji kwenye bamba moja, hakuna elektroni inayovuka kihami kwenda bamba la pili. Kinachovuka ni uga. Nafasi iliyo kati ya mabamba inajaa msukumo. Chaji za upande wa pili zinausikia na kusogea. Ukiongeza na kupunguza chaji kwa haraka, uga kati ya mabamba unakua na kusinyaa, na waya wa upande wa pili unaona mkondo unaokwenda na kurudi kama vile umevuka. Ndiyo maana tunasema kapasita "inapitisha" masafa ya juu na "kuzuia" umeme wa betri. Umeme wa betri hausogezi uga baada ya mabamba kujaa.

James Clerk Maxwell, katika kazi yake ya miaka ya 1861 na 1862, aliliona jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika somo hili. Tulijua mkondo ndani ya waya huzungukwa na uga wa sumaku. Yeye akasema: uga wa umeme unaobadilika, hata katika nafasi tupu kati ya mabamba, nao huzungukwa na uga wa sumaku, sawasawa na mkondo wa waya. Mduara wa sumaku haukatiki pale kwenye pengo. Kutoka hapo alifikia kwamba uga wa umeme na uga wa sumaku vinaweza kuzaana, kimoja kikimwamsha mwenzake, na kusafiri pamoja angani bila waya wowote. Mawimbi ya simu ya Maalim ni hayo.

Uga wa sumaku ndio uliokula omu zangu. Ile miguu miwili ya sentimita moja na nusu ni waya, na kila waya wenye mkondo umezungukwa na sumaku. Mkondo ukibadilika, sumaku hiyo lazima ibadilike nayo, na inapobadilika inausukuma mkondo nyuma. Inaukatalia mwendo. Kwa mains ukaidi huo ni mdogo hata haupimiki. Lakini unakua kadiri masafa yanavyopanda. Kwa makadirio ya fundi, milimita moja ya waya mwembamba ina ukaidi wa nanohenri moja, pungufu kidogo. Miguu yangu ya milimita 30 kwa jumla ilikuwa na nanohenri kama 25, na kwa megahezi 900 hizo ni omu 140. Juu ya bodi nilikuwa nimelehemu kitu kilichoandikwa 104, kinachofanana na kapasita, ambacho kwa mawimbi ya simu kilikuwa koili ya omu 140. Kapasita ile iliacha kuwa kapasita mapema sana, kwenye megahezi 3 hivi, pale ambapo nguvu ya uga wa umeme wa mabamba na ukaidi wa sumaku ya miguu vinalingana na kufutana. Chini ya hapo namba ya mgongoni ina maana. Juu ya hapo miguu ndiyo inayotawala, na kubwa au ndogo, kapasita zote zenye miguu sawa zinafanana.

Na ule mkia wa shilidi wa sentimita tatu ulikuwa ndugu yake. Mkondo wa masafa haya hauingii ndani ya shaba. Unatambaa kwenye ngozi yake, unene wa mikromita 2 tu, kwa hiyo ulikuwa unateremka kwa nje ya wavu mita sita zote, ukifika jeki unakuta mkia wenye omu zaidi ya mia, unageuka na kuruka kwenye uzi wa katikati. Shilidi nzima kwa mita sita, imevuja kwenye sentimita tatu za mwisho.

Heinrich Hertz alipotaka kuthibitisha kauli ya Maxwell kule Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1887 na 1888, alichukua waya wenye pengo dogo katikati na vitu vikubwa vya metali kwenye ncha zake mbili, akarusha cheche penye pengo. Ukikitazama kifaa chake vizuri utaona ni kapasita iliyovutwa mpaka mabamba yake yakaachana kabisa, na uga uliokuwa umebanwa katikati ukamwagika chumbani kote. Antena ni kapasita iliyofunguliwa. Kinyume chake nacho ni kweli: kapasita ambayo hukuifunga vizuri, kwa kuiachia miguu mirefu, inaanza kuwa antena. Robo ya wimbi la megahezi 900 ni sentimita 8 tu. Waya wowote wa kiasi hicho ndani ya kasha ni antena nzuri, upende usipende.

Wakati wa majaribio nilikuwa nimeliona jambo hili kwa macho bila kulielewa. Nilipousogeza mkono wangu karibu na waya wa maiki, bila kuugusa, mkoromo ulipanda. Nilipoukunja mkono, ukashuka. Mwili wa mtu nao ni bamba. Wanaopima vifaa dhidi ya cheche za mikono huuhesabu mwili kuwa na pikofaradi 100. Nilikuwa bamba la tatu katika kapasita ambayo haikuchorwa kwenye ramani yoyote ya sakiti.

Jibu nililipata ndani ya simu, na kwangu hilo lilikuwa na utamu wake. Simu nyingi za zamani zilikuwa na maiki ndogo ya kopo, elektreti, aina waliyoivumbua James West na Gerhard Sessler katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962. Maiki hiyo ni kapasita pia: bamba moja ni utando unaotikiswa na pumzi, na uga wa kati umegandishwa humo daima. Maiki hii ilikaa sentimita chache kutoka kwenye antena ya wati 2 na haikukoroma. Nilishawahi kuzipasua kadhaa kwa udadisi, na mara nyingi nyuma yake, kwenye bodi ndogo ya mviringo, nilikuta vichembe viwili vya kauri visivyo na miguu. Nilivipima siku hizo, kimoja pikofaradi 33, kingine 10. Sikujua ni vya nini, nikavitupa.

Kichembe kisicho na miguu kina sumaku ya mwili wake tu, nanohenri moja hivi ukihesabu na risasi uliyoilehemu. Kwa megahezi 900 nanohenri moja ni omu 5.7. Pikofaradi 33 kwa masafa hayohayo ni omu 5.4, na hizi mbili zinavutana pande tofauti. Zinafutana karibu zote, kinabaki kipande cha omu moja. Walioziweka pale hawakuchagua kapasita kubwa, walichagua ile ambayo uga wake wa umeme na uga wake wa sumaku vinakutana barabara kwenye masafa ya simu. Ile ya pikofaradi 10 ni kwa ajili ya megahezi 1800, masafa ya pili ya 2G. Kati ya hizo mbili kuna mahali zinapogombana na kuzuia badala ya kupitisha, lakini hapo katikati simu hazirushi.

Na swadi? Kwa sauti ya kilohezi 10, pikofaradi 33 inazuia kwa omu karibu laki tano. Sauti ya Maalim haitajua hata kama ipo.

Jumatano iliyofuata nilikaa na bodi nne za simu zilizokufa, blowa ya hewa ya moto, na mita ya kupimia kapasita. Vichembe hivi havina maandishi yoyote, kwa hiyo unakitoa, unakishika kwa kibanio, unapima, unakiweka kwenye karatasi yenye gundi na kuandika pembeni. Vingi vilikuwa vya nanofaradi 100, kazi yake nyingine. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa na vinane vya 33 na vitano vya 10. Mwenye duka la vifaa anaweza kuwa na zile za kauri zenye miguu zilizoandikwa 330, ambayo maana yake ni pikofaradi 33, si mia tatu na thelathini, na ukikata miguu mpaka usoni zitasaidia kiasi. Lakini zisizo na miguu ni bora mno.

Alhamisi nilirudi msikitini na nilifanya kazi hatua kwa hatua, nikisikiliza kila hatua, maana nilitaka kujua kipi kinaponya nini. Nilianza kwa kuitoa ile 104. Swadi ikarudi mara moja, na kijana aliyekuwa ameketi karibu na kabati alitabasamu. Kisha mkia wa shilidi: niliukata, nikaufungua wavu ukazunguka mwili wa jeki pande zote kama kola, nikaulehemu kwa mzunguko mzima. Na ndani ya kasha nilikwangua rangi pale jeki inapogusa bati, ili mwili wa jeki ushikane na bati pale pale, usisafiri kwanza kwa waya kwenda katikati ya bodi. Mkoromo ulishuka, ningesema zaidi ya nusu, kabla sijaweka kapasita hata moja.

Kisha kichembe cha 33 na cha 10 juu ya miguu ya jeki, kati ya ncha na mwili. Ukashuka tena, ukabaki mlio hafifu nikiiweka simu juu ya waya.

Mwisho nilienda kwenye transista yenyewe. Niliikata njia ya shaba inayoingia besi, upana wa ukucha, nikaiziba kwa rezista ndogo ya omu 100. Halafu upande wa chini wa bodi, kutoka besi moja kwa moja hadi emita, nikalehemu kichembe cha 33. Sikukipeleka ethi, ingawa mkono ulitaka kwenda huko kwa mazoea. Mnyoaji wa mawimbi ni kiungo cha besi na emita, kwa hiyo hizo ndizo nukta mbili zinazotakiwa zisitofautiane kwa masafa ya juu; ethi iliyo sentimita nne mbali ingenirudishia miguu mirefu kwa mlango mwingine. Rezista ya omu 100 inahitajika kwa sababu kapasita peke yake haina cha kuegemea. Wimbi likikuta omu 100 mbele na omu moja pembeni, sehemu kubwa mno ya nguvu yake inapotea kabla ya kuifikia besi. Kichembe kile ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kukilehemu kati ya miguu miwili ya transista nilizuia pumzi mara mbili.

Nikaipigia simu yangu, nikaiweka mimbarini penye simu ya Maalim. Honi zilikuwa zimezimwa, tulisikiliza kwenye spika ndogo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mvumo wa kawaida wa amplifaya iliyo wazi, shhh, na feni ya dari. Simu inaita, kioo kinaonyesha E.

Maalim alisogea karibu na maiki akasoma Suratun-Nasi, polepole, sura ambayo kila aya yake inaishia kwenye sini. Kila sini ilisimama.

Kuna mahali pamoja dawa hii haikufika. Ukiilaza simu juu ya kasha la amplifaya lenyewe, mkoromo mwembamba bado unasikika, kwa sababu uso wa mbele wa kasha ni wa plastiki na uga unaingia hapo moja kwa moja hadi kwenye njia za shaba za bodi, bila kupita kwenye jeki wala kwenye kapasita zangu. Tiba yake ni karatasi ya shaba nyuma ya ule uso, iliyoshikanishwa na bati pande zote nne. Kwa sasa nimemwambia kijana asiweke simu kabatini, naye amebandika karatasi mlangoni mwa kabati kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Ijumaa tatu zimepita na khutba zimekwenda salama. Juzi Maalim ameniuliza kuhusu maiki ya pili, ya ghorofani wanakosali wanawake. Waya wake ni mita 18 na nimeshaufungua upande mmoja: mkia wa shilidi ni wa sentimita tano. Vichembe vya 33 vimebaki sita, viko kwenye kifuniko cha soda juu ya meza yangu, vimefunikwa kwa gilasi visipeperuke.